Ngome au Kasri? Funzo la Azay-le-Rideau

Wafasiri wetu wengi wakutanapo na neno la Kifaransa "château" huandika "ngome" pasipo kusita. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa jengo moja, jinsi neno hilo liwezavyo kumpotosha msomaji.

Jengo lenyewe ni Azay-le-Rideau, lililoko katika kisiwa cha mto Indre, nchini Ufaransa. Hapo awali palikuwa na ngome ya kweli, nayo iliteketezwa mwaka 1418 kwa amri ya mrithi wa ufalme, aliyetawala baadaye kwa jina la Charles VII. Karne moja ikapita. Mwaka 1518 Gilles Berthelot, mtunza hazina wa Mfalme François I, alianza kujenga upya. Mkewe, Philippe Lesbahy, ndiye aliyesimamia kazi. Mwaka 1527 Semblançay, mkuu wa fedha za mfalme na jamaa ya Berthelot, alinyongwa. Berthelot akakimbia, na mfalme akalitwaa jengo kabla halijakamilika.

Ukilitazama kwa mbali utaona minara, ushoroba wa walinzi chini ya paa, na maji kando ya kuta. Ukilikaribia utagundua mengine. Minara ni myembamba, imeshikizwa pembeni mwa kuta wala haishuki hadi chini. Ushoroba ni pambo. Madirisha ni mapana, na ngazi kuu hupanda moja kwa moja kwa mtindo wa Kiitalia, badala ya kuzunguka ndani ya mnara. Maji nayo huakisi sura ya jengo. Hayakukusudiwa kumzuia adui.

Mwanafunzi akisoma "ngome" atadhani kuwa mfalme alimwogopa Berthelot kwa uasi, kumbe kiini cha kisa ni fedha. Hivyo neno moja laweza kugeuza historia.

Jambo hili si geni kwetu. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa katika karne ya 14, huitwa kwa jina la ngome, ilhali ilikuwa makao ya sultani, yenye bwawa la kuogea.

Kwa hiyo tunapendekeza "ngome" itumike kwa jengo la vita, "kasri" kwa makao ya fahari, na "handaki la maji" kwa maji yazungukayo lolote kati ya hayo. Hapana budi mfasiri aulize kwanza jengo lilikuwa la kazi gani, ndipo alipe jina.