Mrabaha: Bei ya Mali Isiyorudi

Mrabaha ni malipo ambayo mchimbaji humlipa mwenye madini kwa kuyachukua. Tanzania, mwenye madini ni umma. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatamka kwamba madini yote ni mali ya umma, na Rais ameyashika kwa dhamana ya wananchi. Leseni humpa mtu haki ya kuchimba, lakini haimwondolei deni la kulipia anachokitoa ardhini.

Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na shina lake lina maana ya faida. Ndilo neno tunalolitumia pia kwa fungu la mwandishi katika mauzo ya kitabu chake. Katika madini, asili hiyo isimpoteze msomaji, kwa sababu mrabaha hausubiri faida. Kodi ya mapato ya kampuni, asilimia 30, hutozwa kwenye faida, na mgodi unaweza kukaa miaka mingi ukitangaza hasara. Mrabaha hutozwa kwenye thamani ghafi ya madini yenyewe, mgodi upate faida usipate.

Nenda soko la madini Geita uone. Mchimbaji mdogo anaweka dhahabu yake mezani, inapimwa uzito na usafi, kisha thamani inapigwa kwa bei ya siku. Dhahabu ikiwa ya shilingi 1,000,000, kwa kiwango cha kawaida mrabaha wa asilimia 6 ni shilingi 60,000, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ni shilingi 10,000. Hakuna anayemuuliza alitumia kiasi gani kununua dizeli au kukodi pampu ya kuvuta maji shimoni.

Kiwango hiki kimepanda hatua kwa hatua. Sheria ya mwaka 1998 ilitoza dhahabu asilimia 3, tena baada ya kutoa gharama za kusafirisha na kusafisha. Ile ya 2010 ilihamia kwenye thamani ghafi kwa asilimia 4, na marekebisho ya 2017 yakakifikisha kiwango hicho asilimia 6. Mjadala wetu umekuwa zaidi juu ya kiasi cha kudai. Kinachostahili mjadala mkubwa zaidi ni matumizi ya kile kinacholipwa.

Kodi ya mshahara mwakani itakuja tena, kwa sababu watu watafanya kazi tena. Mrabaha wa tani iliyochimbwa leo haurudi kamwe. Anayeutumia kwa posho na mafuta ya magari ni kama aliyeuza shamba akanunua unga: atashiba msimu mmoja, na shamba limekwenda.

Botswana ililiona hilo mapema. Katika miaka ya 1990 iliunda Mfuko wa Pula, uwe akiba ya mapato ya almasi kwa vizazi vijavyo. Ikaweka pia kipimo katika bajeti: mapato ya madini yaende kwenye uwekezaji, elimu na afya zikihesabiwa humo, na matumizi mengine ya kawaida yabebwe na mapato mengine. Norway iliunda mfuko wake wa mafuta kwa sheria ya mwaka 1990, na tangu 2001 ina kanuni ya kutumia kila mwaka sehemu ndogo tu inayolingana na faida inayotarajiwa. Mwanzoni ilikadiriwa kuwa asilimia 4, na mwaka 2017 ikashushwa hadi 3.

Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi mwaka 2015, yenye mfuko wake. Sheria hiyo haigusi dhahabu, almasi wala tanzanaiti. Madini hayo nayo yanahitaji sheria ya namna hiyo, itakayotaja fungu la akiba na fungu la uwekezaji, na kuilazimu Serikali kutoa hesabu hadharani.

Kwa hiyo bajeti ya Wizara ya Madini inaposomwa Dodoma, tusiishie kupigia makofi lengo la makusanyo lililofikiwa. Tumuulize mbunge wetu mrabaha wa mwaka uliopita umegeuzwa kuwa nini: shule, reli, umeme, au akiba. Mwenye mali ana haki ya kujibiwa.