Fataki ya Milborne Port na Jicho la Mtoto

Jioni ya tarehe 28 Oktoba 1770 ilikuwa siku ya gulio katika mji mdogo wa Milborne Port, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Watu walikuwa wamefurika ndani ya jengo la soko lililosimama juu ya matao, limezibwa upande mmoja tu na kuachwa wazi pande zilizobaki. Kijana mmoja aitwaye Shepherd, akiwa nje barabarani, aliwasha fataki ya baruti akaitupa ndani ya umati. Ikaangukia meza ya Yates, muuza mikate ya tangawizi. Mtu aitwaye Willis akaidaka upesi na kuirusha mbali, isimuunguze yeye wala kuharibu bidhaa za Yates. Ikatua kwenye meza ya Ryal, aliyeuza mikate kama ile. Naye, kwa kuokoa mali yake, akaitupa upande mwingine wa soko. Hapo ikampiga Scott usoni, ikapasuka, na jicho lake moja likapofuka.

Mambo hayo yote yalitokea kufumba na kufumbua, lakini ubishi juu yake haukwisha mahakamani hadi mwaka 1773. Mpaka leo, mwanafunzi wa sheria huko London, Nairobi au Dar es Salaam hukutana na shauri la Scott dhidi ya Shepherd mapema katika masomo yake ya madhara na fidia. Kinachosahaulika ni kwamba pande zote mbili walikuwa watoto kwa macho ya sheria, maana utu uzima enzi hizo ulianza miaka 21. Scott hakuruhusiwa kufungua shauri peke yake. Alisimamiwa na mtu mzima aliyeitwa na mahakama "rafiki" yake. Shepherd naye alijitetea kupitia mlezi. Utoto wake haukumwondolea lawama, kwa kuwa sheria ya Uingereza humwajibisha hata mtoto kwa madhara aliyoyafanya kwa mkono wake.

Shauri lilisikilizwa kwanza mjini Bridgwater mbele ya Jaji Nares. Juri ilimpa Scott fidia ya pauni 100, mara kadhaa ya kipato cha mwaka cha kibarua wa shambani, lakini kwa sharti kwamba majaji wakuu waamue kwanza kama shauri lilikuwa limefunguliwa kwa njia sahihi. Hapo ndipo jicho la Scott lilipowekwa kando na karatasi zikachukua nafasi yake. Mahakama za wakati ule zilikuwa na milango tofauti kwa madai tofauti. Aliyedhuriwa moja kwa moja kwa nguvu aliingia kwa hati moja. Aliyedhuriwa na matokeo yaliyofuata baadaye aliingia kwa nyingine. Mfano uliozoeleka ulihusu gogo lililotupwa njiani. Likikuangukia kichwani, unadai kwa hati ya kwanza. Ukijikwaa juu yake usiku, unadai kwa hati ya pili. Aliyekosea mlango alirudi nyumbani mikono mitupu, hata kama ushahidi wake ulikuwa kamili.

Wakili wa Scott alichagua hati ya shambulio la moja kwa moja. Je, fataki iliyopita mikononi mwa watu watatu bado ilikuwa shambulio la yule wa kwanza?

Jaji Blackstone, mtunzi wa Commentaries maarufu juu ya sheria za Uingereza, alisema hapana. Kwa maoni yake, fataki ilipotua kwa Yates, kitendo cha Shepherd kilikuwa kimekwisha. Willis na Ryal walikuwa watu huru wenye akili zao, na aliyemgonga Scott ni Ryal. Ni hoja safi ya kitaalamu, na ni ya kikatili kwa mtoto aliyepofuka, kwani ingempoka fidia kwa sababu ya hati tu. Wenzake watatu hawakukubaliana naye. Nares alikumbusha kwamba sheria ya Mfalme William III, ya mwishoni mwa karne ya 17, ilikuwa imekwisha kutangaza urushaji wa fataki kuwa kero kwa umma, hivyo kosa lilianza pale pale barabarani. Jaji Mkuu De Grey aliwaona Willis na Ryal kuwa watu waliojiokoa kwa hofu, wala si wahusika wapya. Yote yaliyofuata yalikuwa mwendelezo wa mrusho wa kwanza. Scott akashinda, majaji watatu kwa mmoja.

Ushindi huo ulijibu swali la nani alaumiwe mkono unapofuata mkono. Swali la mfuko wa nani utalipa lilibaki wazi. Kijana aliyerusha fataki mara nyingi hana kitu, na sheria ya Uingereza haimlazimishi mzazi kulipa kwa sababu tu ni mzazi. Lazima ithibitike kwamba yeye mwenyewe alizembea. Ndiyo maana historia ya madai ya aina hii, kwa karne mbili zilizofuata, ilikuwa safari ya kurudi nyuma kutoka kwa mrushaji hadi kwa yule aliyekiweka kitu cha hatari karibu na mtoto.

Hatua ya mapema ilikuwa mwaka 1816, katika shauri la Dixon dhidi ya Bell. Bwana Bell alimtuma msichana wake wa kazi, binti wa miaka 13 au 14, akamletee bunduki iliyojazwa baruti. Binti aliielekeza kwa mtoto wa Dixon kwa mzaha, ikafyatuka, na mtoto akapoteza jicho la kulia na meno mawili. Aliyewajibishwa ni Bell. Bunge likafuata polepole. Sheria ya Vilipuzi ya mwaka 1875 ilikataza kumuuzia baruti mtoto anayeonekana kuwa chini ya miaka 13 na ikafanya urushaji wa fataki barabarani kuwa kosa. Umri wa kununua ulipandishwa hadi 16 mwaka 1976, na 18 mwaka 1997. Miaka 122 kuvuka kutoka 13 hadi 18 ni mwendo wa kusikitisha, kwa jambo ambalo soko la Milborne Port lilikuwa limelionesha wazi.

Shauri lenye uzito zaidi kwa muuzaji lilitoka Kanada, na halikuwa la fataki bali la petroli. Mvulana wa miaka 9, akiwa na mdogo wake wa miaka 7, aliwadanganya wahudumu wa kituo cha mafuta kwamba gari la mama yake limeishiwa njiani. Wakamuuzia petroli ya senti tano. Akachovya mmea ndani yake kutengeneza mwenge, akaungua vibaya. Muuzaji alijitetea kwamba mtoto alisema uongo na kujichomea mwenyewe. Mwaka 1949 Baraza la Faragha mjini London lilikataa: mtoto wa umri ule hajui petroli inaweza kufanya nini, hivyo hawezi kubebeshwa hata sehemu ya lawama.

Baraza hilo hilo lilikuwa wakati ule ngazi ya mwisho ya rufaa kutoka Afrika Mashariki. Sheria za Uingereza zilipokewa Kenya kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika tarehe 22 Julai 1920. Kwa njia hiyo hoja za Milborne Port zikaingia katika mahakama zetu. Mtoto aliyeunguzwa na fataki ya sikukuu Mombasa au Tanga anarithi hoja zile zile: aliyerusha, aliyeuza, aliyeandaa maonyesho bila ulinzi. Kwa mwenye uwanja, Kenya ina Sheria ya Wajibu wa Wakaaji, Sura ya 34, iliyofuata ile ya Uingereza ya 1957, inayomtaka mwenye mahali atarajie kwamba watoto hawana hadhari ya watu wazima.

"Rafiki" wa Scott naye alisafiri. Amri ya 32 ya kanuni za madai za Kenya na Amri ya XXXI ya Tanzania bado humtaka mtoto asimamiwe na mtu mzima mahakamani. Msimamizi huyo, hata akiwa baba mzazi, haruhusiwi kumaliza shauri kwa mapatano bila ruhusa ya mahakama. Mwenye duka aliyeuza fataki akimwita baba pembeni wakati shauri linaendelea, akampa bahasha na kumwomba aliache, mapatano hayo hayamfungi mtoto.