Mlio wa masikioni

Mlio wa masikioni ni sauti anayoisikia mtu ilhali hakuna kitu nje kinachoitoa. Mmoja husikia mvumo, mwingine mluzi, mwingine mlio wa nyenje usiokatika, na humzidia usiku nyumba ikitulia. Ni dalili, si ugonjwa wenyewe. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamewahi kuupata.

Mkoani Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, chanzo cha kuulizia kwanza ni kelele za kazini. Mpakani Tunduma malori ya Dar es Salaam na Zambia hupanga foleni injini zikinguruma. Msagaji wa mahindi hushinda chumba kimoja na mashine yake. Upande wa Mkwajuni na Saza, wachimbaji wadogo wa dhahabu hufanya kazi kando ya karasha, yaani mashine za kusagia mawe, na baruti. Ndani kabisa ya sikio, kwenye koklea, mna seli za vinyweleo takribani 15,000 zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa neva. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kila siku, miaka ikipita, huziua, na kwa binadamu hazioti tena. Ubongo unapokosa ujumbe uliouzoea huongeza usikivu wake, na wataalamu wengi wanaona mlio huzaliwa hapo. Kumwambia mgonjwa kwamba anajidhania tu ni kumwonea.

Nta iliyoganda, usaha wa muda mrefu na shinikizo la damu navyo huleta mlio. Kwinini ilivumisha masikio ya wagonjwa wengi wa malaria, ila hali hiyo kwa kawaida iliisha baada ya dozi. Sindano za kifua kikuu kama streptomaisini na kanamaisini ni jambo zito zaidi, kwani zinaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Hii ni sababu mojawapo ya kifua kikuu sugu kutibiwa sasa zaidi kwa vidonge. Anayesikia mlio akiwa kwenye dozi amweleze mganga, asiiache mwenyewe.

Mlio wa sikio moja tu, au unaodunda pamoja na moyo, wahitaji daktari. Ukija na uziwi wa ghafla, ni dharura: tiba hufaa zaidi siku za mwanzo. Dawa ya kuufuta mlio haijapatikana. Vifaa vya kusikia, ushauri nasaha na redio ya sauti ya chini wakati wa kulala huwapa wengi nafuu. Kwa aliye bado kazini, viziba masikio ni vya lazima. Pamba hupunguza kelele ya karasha kidogo mno.