Bangili ya Kamba na Mkonge wa Babu

Wadau, nimekuwa kimya kwa karibu wiki tatu, na baadhi yenu mmeanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Kazi za chumba cha habari zilinibana, halafu nikapata ruhusa ya siku nne nikaenda Korogwe kumwona babu. Huko ndiko kilikotokea kisa kilichonirudisha hapa na mada ambayo pengine hamkuitegemea: bangili ya kamba.

Bangili zenyewe mnazijua. Ni zile za kamba nene ya nailoni, mafundo yamebanana kama magamba ya samaki, na vijana wengi tunazivaa. Yangu sikuinunua, niliifunga mwenyewe. Rafiki yangu mmoja anayeongoza watalii Mlima Kilimanjaro alinifundisha jioni moja tukiwa barazani, umeme umekatika na hatuna la kufanya. Nitaeleza inavyofungwa, kwa sababu sehemu ya mwisho ya kazi hiyo ndiyo iliyonipa somo huko Korogwe.

Unahitaji vipande viwili vya kamba. Kipande kifupi, kama sentimita 60, unakikunja katikati. Hicho ndicho moyo wa bangili. Pale kilipokunjwa panabaki kitanzi, na ncha zake mbili zitakuja kuwa kifungo upande wa pili. Kipande kirefu, kama mita mbili na nusu, unakipitisha nyuma ya moyo ili nusu ikae kushoto na nusu kulia. Sasa ncha ya kushoto ipite juu ya moyo kwenda kulia. Ncha ya kulia ilale juu ya mkia wa mwenzake, izunguke nyuma ya moyo, kisha itokeze mbele kupitia tundu lililobaki kushoto. Vuta zote mbili mpaka zikaze. Safari inayofuata unaanza na ya kulia. Halafu kushoto. Halafu kulia. Ukisahau kubadili upande, bangili inajipinda yenyewe kama skrubu, na hapo utajua ulikuwa unawaza mambo mengine.

Ukifika mwisho, ncha mbili za moyo unazifunga pamoja fundo kubwa la kupenya kwenye kitanzi. Zile ncha za kamba ndefu unazikata, unazipitishia moto wa kiberiti, zinayeyuka, unazibana kwa kitu kigumu. Basi, kazi imekwisha. Haifumuki tena mpaka utake mwenyewe.

Fundo hilo si la jana. Mabaharia wa Kizungu walilijua, na mapambo yanayofungwa hivyo huitwa kwa jina la Mfalme Suleimani. Baharia wa zamani alikuwa na kamba nyingi na muda mwingi, basi alifunga mafundo ya kupamba masanduku, visu na kengele za meli. Mwaka 1944 Mmarekani Clifford Ashley alichapisha kitabu chake kikubwa cha mafundo, chenye maelezo zaidi ya 3,800. Mtu mmoja, mafundo elfu tatu na ushee! Sisi wengine hata kamba za viatu zinatushinda.

Lakini kabla hatujawapa Wazungu sifa zote, tujikumbuke. Katika karne ya 1 kuna mfanyabiashara aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi, ambao leo unajulikana kama Periplus. Anautaja mji wa biashara uitwao Rhapta, ambao wanahistoria wengi wanaamini ulikuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu vyombo vya huko vilikuwa vya kushonwa kwa kamba. Vizazi vingi baadaye mitepe ya Lamu bado ilikuwa ikishonwa hivyo hivyo, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi. Maana yake nini? Mji wa kwanza wa pwani yetu kuandikwa jina katika vitabu uliitwa kwa sababu ya kamba! Kamba kwetu ilibeba biashara ya bahari nzima.

Sasa turudi kwenye hii ya mkononi mwangu. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 Marekani, katika maabara ya kampuni ya DuPont, na kundi la wanakemia lililoongozwa na Wallace Carothers. Watu wengi waliifahamu mwaka 1940 katika soksi za kina mama. Mwaka uliofuata hariri ya Japani ilikatika katika soko la Marekani, na vita vilipopamba moto nailoni ikachukuliwa kwenda kutengeneza miavuli ya askari na kamba zake. Kamba ya namna hii ina ala ya nje na nyuzi kati ya 7 na 9 ndani, na inapimwa kuhimili ratili 550, yaani karibu kilo 250. Askari walipotua hawakuitupa. Waliifungia mizigo na mahema, wakarekebishia vitu vilivyokatika. Hata Februari 1997, wanaanga waliokwenda kuihudumia darubini ya Hubble walitumia kamba ya mwavuli kufungia vipande vya kuikinga na joto na baridi. Na hoja ya bangili ndiyo hiyo hiyo: unavaa mita tatu za kamba mkononi, siku ukikwama porini unaifumua.

Nilikuwa na hadithi hiyo yote kichwani nilipofika kwa babu. Usiku, tumekwisha kula, akanishika mkono akaisugua bangili kwa kidole gumba.

"Mume mwenzangu, hii siyo katani."

"Siyo, babu. Ni nailoni." Nikamwaga yote: Carothers, miavuli, wanaanga. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema taratibu, "Kumbe ndiyo hii."

Lazima niwaambie babu ni nani. Ni Muha wa Kasulu. Aliletwa Tanga mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana hata ndevu hazijaota vizuri, kupitia SILABU, ofisi iliyoanzishwa na wenye mashamba mwaka 1944 kukusanya vibarua wa mkonge. Walioletwa hivyo waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu hadi leo anaitaja namba yake haraka kuliko umri wake. Alikata mkonge, akifunga majani 30 kwa kila mzigo, na kila alipotimiza kazi ya siku kipande chake kilitiwa alama. Kipande kilikuwa na siku 30. Hakijajaa, hulipwi. Mikono yake ina makovu ya miiba kutoka kwenye kiganja mpaka karibu na kiwiko.

Mkonge wenyewe ulikuja na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche 62 likazuka zao lililokuwa likiongoza mauzo ya Tanganyika nje tulipopata uhuru mwaka 1961, na nchi yetu ikiongoza duniani. Tanga na mkonge vikawa kitu kimoja.

Hapa ndipo nilipokaa nikafikiri sana. Mwaka 1942 Japani iliteka Ufilipino, kulikotoka katani ya Manila, na pia kisiwa cha Java, kilichokuwa kikilima mkonge. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji kamba za meli, na ghafla macho yote yakageukia Afrika Mashariki. Tanganyika ikaambiwa izalishe, izalishe, izalishe. Wapo waliopelekwa mashambani kwa amri ya serikali ya kikoloni, wapende wasipende. Kwa hiyo vita vile vile vilivyoikata hariri na kuipandisha nailoni ndivyo vilivyoikata Manila na kuupandisha mkonge wetu. Kamba mbili, bahati moja. Mwaka mmoja ule ule zilikuwa zinapanda ngazi pamoja, moja kiwandani Marekani na nyingine mabegani mwa manamba, na hakuna aliyejua kwamba ukoo wa ile moja ungekuja kuiangusha nyingine.

Soko kubwa la mkonge baada ya vita lilikuwa kamba za kufungia marobota ya nyasi kavu za mifugo, huko kwa wakulima wa Marekani na Ulaya. Katika miaka ya 1950 ikapatikana plastiki iitwayo polipropilini, na haikuchukua muda nayo ikaanza kusokotwa kamba. Ni nyepesi, haiozi, na bei yake ilikuwa chini. Uzalishaji wetu ulifika kilele mwaka 1964, karibu tani 230,000. Baada ya hapo bei ikaanguka. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba, na uendeshaji wake kwa miaka iliyofuata haukuwa wa kujivunia. Sitaki kusema plastiki peke yake ndiyo iliyoua mkonge, maana Brazil ililima mkonge huo huo na ikatupita. Tuliangushwa na soko, na sisi wenyewe tukajisukuma. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tunazalisha takriban tani 20,000. Miaka ya karibuni uzalishaji umepanda tena, lakini kilele kile bado kiko mbali.

Shamba alilofanyia kazi babu lilifungwa katika miaka ya 1980. Alibaki na nyumba ya udongo, mke, watoto sita, na mishahara ya miezi kadhaa aliyokuwa akidai na ambayo hajaiona mpaka leo. Nauli ya kurudi Kasulu hakuwa nayo. Ndiyo maana mimi, Muha, nilizaliwa Korogwe na Kiha nakijua cha kuombea maji tu.

Nilijaribu kumrekebisha kidogo. Nikamwambia babu, kusema kweli nailoni siyo iliyowafukuza, ni ile nyingine, polipropilini, hizi ni ndugu tu.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," akajibu, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia, "Kesho unifungie mimi ya katani."

Asubuhi akatoa fungu la katani lililokuwa limening'inia darini. Akakaa kwenye kigoda, akalaza nyuzi juu ya paja, akaanza kuzisokota kwa kiganja. Mzee ambaye kikombe cha chai kinamtetemekea mkononi, lakini kamba ilitoka imenyooka, unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nilimpa mkono wa heshima. Nikachukua kamba nikaanza: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Katani haitelezi kama nailoni, kila fundo unalilazimisha, na baada ya nusu saa vidole vyangu vilikuwa vyekundu. Babu alinitazama asiseme kitu.

Nikafika mwisho. Nikakata ncha, nikawasha kiberiti kwa mazoea. Wadau, katani haiyeyuki. Iliwaka! Nikaizima kwa kiganja, ncha imekuwa nyeusi na mafundo mawili yameanza kulegea. Babu akaichukua, akazirudisha ncha ndani ya mafundo kwa kutumia mwiba wa mchungwa, akazikaza kwa meno aliyobaki nayo. "Hii haitaki moto," akasema, "inataka mtu."

Akaivaa. Ilikuwa inawasha, niliona anavyoigeuza geuza, lakini aliivaa siku nzima, akawaonyesha wazee wenzake kwenye bao, akiwaambia mjukuu wake wa Dar amejifunza kazi.

Kesho yake, siku ya kuondoka, niliamka alfajiri kumuaga. Mkononi hakuwa na bangili. Nikafikiri imekatika, au imemshinda kwa muwasho. Nikatoka nje kunawa uso, nikaiona. Ilikuwa imefumuliwa yote, na kamba yake imefunga mlango wa banda la kuku, ambao siku mbili nzima alikuwa akilalamika kwamba komeo lake limevunjika na vicheche wanammaliza.

Nilitaka kusikitika kidogo. Halafu nikakumbuka maneno yangu mwenyewe ya juzi usiku, nikimfundisha mzee kwamba bangili hizi huvaliwa ili siku ya shida zifumuliwe zitumike. Yangu nimeivaa karibu mwaka na sijawahi kuifumua. Yake haikumaliza siku mbili.

Niliporudi Dar nilipiga simu kuwaulizia kuku. Wote wapo.

Kama katika ukoo wenu kuna mzee aliyekuwa manamba, kaeni naye mumsikilize, muandike anayoyasema. Wanapungua. Tuonane tena hapa wiki ijayo, Mungu akipenda.