Mapato, Matumizi na Nakisi: Jinsi Bajeti ya Serikali Inavyosawazishwa

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposoma hotuba ya bajeti bungeni jijini Dodoma, masikio ya wengi hunasa tarakimu moja tu, ile ya jumla. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 tarakimu hiyo ilikuwa Shilingi trilioni 49.35. Lililo muhimu zaidi kwa mwananchi ni fedha hizo zinatoka wapi.

Katika makadirio hayo, mapato ya ndani yalikuwa Shilingi trilioni 34.61: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikitarajiwa kukusanya trilioni 29.41, mapato yasiyo ya kodi trilioni 3.84 na halmashauri trilioni 1.36. Pengo la trilioni 14.74 lilizibwa kwa misaada na mikopo yenye masharti nafuu (trilioni 5.13), mikopo ya ndani (trilioni 6.62) na mikopo ya nje ya masharti ya kibiashara (trilioni 2.99). Kwa hiyo pande mbili za bajeti hulingana daima kwenye karatasi, kwa kuwa mkopo nao huandikwa upande wa mapato. Ili kuujua uzito halisi, huna budi kutazama nakisi, yaani matumizi yasiyofikiwa na mapato ya ndani pamoja na misaada. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana nakisi hiyo isizidi asilimia 3 ya pato la taifa.

Nafasi ya kuchagua ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka huohuo, kuhudumia deni la Serikali kulitengewa trilioni 13.13 na mishahara trilioni 11.77. Mafungu hayo mawili peke yake yanakaribia asilimia 72 ya mapato ya ndani, kabla ya kununua kidonge kimoja cha zahanati. Ni kweli kwamba trilioni 4.02 za mikopo ya ndani zilikusudiwa kulipia hati fungani na dhamana zilizoiva, lakini kulipa deni kwa deni huahirisha mzigo, hakuutui.

Kuongeza kodi nako kuna mipaka yake. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, ndiyo maana bajeti huambatana na Muswada wa Sheria ya Fedha. Na hata sheria ikipita, mlipaji ana sauti: tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilipunguzwa kwa asilimia 30 mwaka huohuo baada ya malalamiko. Kinyume chake, mafuta yalipopanda bei mwaka 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya Shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Nafuu kituoni, gharama Hazina.

Wabunge hupiga kura ya bajeti kwa kuitwa majina, mmoja mmoja. Si kura nyepesi, kwani chini ya Ibara ya 90 Rais anaweza kulivunja Bunge likikataa kuipitisha. Utekelezaji huanza Julai 1, na fedha hutolewa kadiri makusanyo yanavyoingia, hivyo fungu lililoidhinishwa laweza kufika pungufu. Kiasi kilichotumika hasa hubainika katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo huwasilishwa kwa Rais na kisha bungeni.