Nani Alilipia Daraja la Tatu?

Mkoa wetu wa Songwe ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya. Lakini Tunduma ni mji wa njia tangu zamani, na anayetaka kuijua historia yake hana budi kuuliza watu wake walisafiri kwa chombo gani, na nani aliyebeba gharama.

Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya Zambia ya kwenda baharini kupitia kusini ikaingia mashakani. Shaba na mafuta vikaanza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitaka reli. Nchi za Magharibi zilikataa kuijenga. China ikakubali mwaka 1967. Kazi ilianza Oktoba 1970, reli ikafika Tunduma Agosti 1973, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi: kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Reli hiyo ilijengwa kwa ajili ya shaba. Lakini mkulima wa Mbozi hakuwa na shaba. Alikuwa na gunia la mahindi, debe la maharage, na mtoto wa kupeleka shule ya mbali. Kwake yeye, TAZARA ilikuwa behewa la daraja la tatu na treni ya kawaida iliyosimama hata kwenye vituo vidogo. Wengi wetu wahitimu wa zamani tuliyajua mabehewa hayo: masanduku ya bati juu, matenga ya ndizi chini, na nauli ambayo mzazi aliimudu baada ya kuuza mavuno. Nauli hiyo peke yake isingeweza kuendesha reli. Mapato makubwa ya TAZARA yalitoka kwenye mizigo. Tani za shaba ndizo zilizomshika mkono mama mwenye tenga.

Kwa hiyo mizigo ilipopungua, abiria maskini aliumia pia. Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Mwaka 1977/78 ilibeba zaidi ya tani milioni 1.2, na hicho ndicho kilikuwa kilele chake. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980, njia za kusini zilifunguka tena. Injini zilichakaa, na malori yakachukua mzigo barabarani. Kufikia 2014/15 TAZARA ilibeba chini ya tani laki moja. Tiketi ya daraja la tatu haikufutwa. Kilichotokea ni kwamba treni zilipungua, zikachelewa, na watu wakalala vituoni. Nauli nafuu ya treni isiyofika haimfikishi mtu popote.

Mambo ya mabasi nayo yana fundisho lile lile. Mwaka 1974 liliundwa shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, ili mfanyakazi wa kima cha chini asafiri kwa bei anayoimudu. Lakini fedha za kununulia mabasi mapya na vipuri hazikutosha, na foleni vituoni zikarefuka. Magari ya watu binafsi yakajipenyeza, na mwaka 1983 Serikali ikayaruhusu. Nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa «dala», na jina la daladala likaenea nchi nzima.

Mwenye daladala hana tani za shaba za kumsaidia. Anaishi kwa kiti. Hapo ndipo wanafunzi wa leo wanapoguswa. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya mtu mzima kwa safari ya mjini isiyozidi kilometa 10 kutoka shilingi 500 hadi 600, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Ni uamuzi wa huruma. Lakini fanyeni hesabu: wanafunzi watatu humletea kondakta nauli ya mtu mzima mmoja. Shilingi 400 zinazopungua kwa kila mwanafunzi zinatoka mfukoni mwa mwenye gari. Ndiyo maana gari likiona sare za shule huongeza mwendo. Kumlaumu kondakta ni rahisi, na mara nyingine anastahili lawama. Hata hivyo, amri inayotoa nafuu bila kumtaja mlipaji wake huishia kumwacha mwanafunzi kandokando ya barabara.

Septemba 2025 Tanzania na Zambia zilitiliana saini na kampuni ya China, CCECC, mkataba wa miaka 30 wa kuifufua TAZARA. Litakalozungumzwa sana ni shaba, kama ilivyokuwa mwaka 1967. Wananchi wa Tunduma na Vwawa wana haki ya kuuliza swali la pili: katika fedha ya mzigo, ni kiasi gani kitatengwa kwa ajili ya daraja la tatu? Na kwa upande wa mabasi, je, Serikali au halmashauri haiwezi kumfidia mwenye gari tofauti ya nauli ya mwanafunzi?

Ndugu zangu wahitimu, baadhi yenu mmekalia viti vya kupanga mambo haya. Wadogo zetu walioko shuleni watayapanga kesho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mzigo na upite Tunduma, mradi mwenyeji naye apate nafasi ya kukaa katika treni.