Moïse Tshombe: Kutoka Dukani hadi Enzi ya Jimbo

Moïse Tshombe alizaliwa Musumba, makao ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda, tarehe 10 Novemba 1919. Baba yake alikuwa mfanya biashara mwenye maduka na mashamba, tajiri wa namna iliyokuwa nadra kwa Mwafrika katika Kongo ya Wabelgiji. Kijana alisomeshwa na wamisionari wa Kimethodisti kutoka Marekani, kisha akajifunza utunzaji wa hesabu. Mwaka 1951 alirithi biashara ya baba, wala hakuiweza, ilifilisika. Mwaka huo huo alikuwa ameingia katika Baraza la Jimbo la Katanga. Basi kilichompa cheo hakikuwa faida ya duka, bali jina la baba yake pamoja na ndoa yake, maana mkewe alikuwa binti wa Mwata Yamvo.

Siasa ya Katanga ilikolea baada ya uchaguzi wa miji wa mwaka 1957. Mjini Elisabethville, Waafrika waliochaguliwa kuwa mameya walikuwa watu waliotoka nje ya jimbo, hasa Kasai. Kutokana na uchungu huo kilizaliwa chama cha CONAKAT mwaka 1958, kikidai haki ya "Wakatanga halisi". Neno hili lastahili kuangaliwa. Rais wake wa kwanza, Godefroid Munongo, alikuwa mjukuu wa Msiri, ambaye watu wake walitoka Unyamwezi kwa ajili ya biashara katika karne ya 19. Hata Kiswahili, lugha waliyosikilizana nayo wachimba shaba wa makabila yote, kilikuwa kimekuja na misafara ya wafanya biashara kutoka mashariki, kikaenea zaidi katika kambi za migodi. Kwa hiyo mpaka kati ya mwenyeji na mgeni ulichorwa na watoto wa wageni, tena mbele ya watu waliosemezana kwa lugha ya kigeni.

Tshombe alishika urais wa chama mwaka 1959. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60, na wapinzani wake wakuu, muungano wa Balubakat, wakapata 23. Wapinzani waliposusa baraza, sheria ya Kibelgiji iliyotaka theluthi mbili za wajumbe wahudhurie ilibadilishwa, naye akapata serikali ya jimbo. Tarehe 11 Julai akatangaza kujitenga. Aliyeshindwa kulihifadhi duka la baba sasa alikuwa na hazina, kwa kuwa kampuni ya Union Minière ililipa kodi zake Katanga badala ya Léopoldville. Damu nayo ilimwagika: tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga, na uchunguzi wa Bunge la Ubelgiji wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba wakuu wa serikali ya Tshombe walikuwapo.

Utengano ulikwisha Januari 1963 kwa nguvu za majeshi ya Umoja wa Mataifa. Ajabu ni kwamba mtu yule yule aliitwa kutoka uhamishoni Julai 1964 kuwa Waziri Mkuu wa Kongo nzima, akaondolewa Oktoba 1965. Mwaka 1967 ndege aliyopanda ilitekwa, ikapelekwa Algeria. Alifariki huko kifungoni tarehe 29 Juni 1969, akazikwa Brussels.